Wanafunzi wanapiga makofi, lakini Kemia haiwaingii

Shikamoo Bi Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule moja ya upili hapa kisiwani Lamu. Kwetu ni Malindi, huku nimehamishiwa. Nasomesha Gredi ya 10, hawa walioanza Januari mwaka huu, na Kidato cha Tatu, ambao ndio wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 na watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, mwaka 2027.

Maabara tunayo kwa jina. Mifereji haitoi maji, gesi iliisha zamani, bureti nzima, ile mirija ya kupimia vimiminika, ni za kuhesabu, na ufunguo wa kabati la kemikali anao mwalimu mkuu. Anasema kemikali ni za Kidato cha Nne, wengine wangoje zamu yao.

Nilipoona watoto wanasinzia niliamua kuwachangamsha. Nikaanza na volkano: siki, magadi na rangi nyekundu ya keki. Darasa zima lilisimama. Baadaye nikachoma utepe wa magnesi, wakapiga makofi hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Lakini nikiwapa mtihani, hali ni ile ile. Niliwauliza gesi iliyotoka kwenye volkano ni gesi gani; wengi waliandika haidrojeni, na wengine "moshi". Juzi mmoja akanisimamisha njiani: "Mwalimu, kesho utatufanyia mazingaombwe gani?" Nilicheka, lakini iliniuma.

Tukija kwenye praktiko yenyewe ni shida nyingine. Kundi moja lina watu wanane au tisa. Kijana mmoja anashika vifaa, wawili wanampa amri, na waliobaki, hasa wasichana, wanasimama nyuma wakinakili. Matokeo ya darasa zima yanalingana hadi desimali, hata ya kundi ambalo bureti yao ilikuwa ikivuja. Nikiuliza swali kwa Kiingereza, kimya. Wakitoka nje nawasikia wakibishana kwa Kiamu, lahaja ya hapa Lamu, juu ya mambo yale yale.

Halafu alikuja mzazi na shati la mwanawe lenye tundu la asidi, akauliza kama tunasomesha watoto au tunawaunguza. Tangu siku hiyo mwalimu mkuu hataki kusikia habari za praktiko, na mwenzangu mmoja ananishauri nimalize silabasi kwa chaki na ubao, nisijitafutie balaa. Nifanyeje?

Mwalimu wa Kemia, Lamu

* * *

Marahaba, mwanangu.

Yule mtoto aliyekusimamisha njiani amekupa jibu kabla yangu. Anakuja darasani kutazama, na anayekuja kutazama hana sababu ya kufikiri. Volkano ya siki siipendi hata kidogo. Kila mtu anajua itafuka kabla hujamimina, na ikishafuka hakuna aliyebaki na swali. Utepe wa magnesi una afadhali kidogo, maana angalau unaweza kuwauliza ile majivu nyeupe itakuwa nzito kuliko utepe au nyepesi. Uliwauliza? Nadhani makofi yalikuzuia.

Tatizo lako si uchache wa vifaa kama unavyodhani. Watoto wako hawajawahi kutakiwa waseme kitakachotokea kabla hakijatokea. Anza hapo. Kabla mkono wa mtu yeyote haujagusa chupa, kila mwanafunzi aandike daftarini anachotarajia kuona na kwa nini. Aandike kwa kalamu, si penseli, asije akafuta. Ndipo wafanye, watazame, na wakikosea wajieleze. Vitabu vya ualimu vinaiita bashiri, tazama, eleza. Haigharimu shilingi, na inageuza kabisa mtoto anavyoitazama chupa, kwa kuwa sasa ameshaweka maneno yake rehani.

Na waache wabashiri kwa Kiswahili, au kwa Kiamu chao. Umesema mwenyewe kwamba nje wanabishana. Uingize ubishi huo darasani, kisha mwishoni waandike hitimisho kwa Kiingereza cha mtihani. Kumtaka mtoto afikiri jambo geni kwa lugha ambayo bado anaitafutia maneno ni kumpa kazi mbili, naye ataacha zote mbili.

Sasa vifaa. Wewe umepangiwa kazi katika mji uliojengwa kwa mmenyuko mmoja wa kemia, halafu unalilia ufunguo wa kabati! Mji Mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na chokaa. Chokaa hiyo ilitoka kwenye matumbawe yale yale. Unayapanga juu ya kuni, unayachoma, kaboni dioksaidi inatoka na inabaki chokaa mbichi. Ukiimwagia maji inanguruma na kutoa joto, inakuwa kalsiamu haidroksaidi. Ukiipaka ukutani inaanza kuirudisha taratibu ile kaboni dioksaidi kutoka hewani, hadi inakuwa jiwe tena. Kaboneti, oksaidi, haidroksaidi, kisha kaboneti: mzunguko huo umo katika silabasi, na mwanafunzi wako anauegemea kila jioni akipiga soga barazani.

Nunua kilo moja ya chokaa ya kupaka kuta. Tia vijiko viwili katika chupa ya lita moja ya maji, tikisa, funga vizuri, acha usiku kucha. Asubuhi mimina taratibu maji maangavu ya juu. Hayo ndiyo maji ya chokaa, yale yale yanayokaa kwenye chupa za kabati lililofungwa. Lita moja hubeba gramu moja na nusu tu hivi ya kalsiamu haidroksaidi, kwa hiyo kilo yako itakuvusha mwaka na ibaki.

Swali la kwanza: tukipitisha kaboni dioksaidi humu, kutatokea nini? Watajibu kwamba maji yatakuwa meupe, wameshasoma. Vizuri. Swali la pili ndilo lenye kazi: tukiendelea kupitisha gesi, weupe utazidi, utabaki ulivyo, au utapotea? Wengi watasema utazidi. Wapigishe kura, andika hesabu ubaoni, halafu waache wafanye. Gesi waipate kwa siki na magadi ndani ya chupa ya plastiki, wametoboa kifuniko na kupitisha mpira mwembamba. (Umeona? Volkano yako imepata kazi ya maana.) Weupe utakuja, kisha utaondoka mbele ya macho yao, na hapo utasikia kelele ambazo si za makofi.

Kuna jambo moja dogo litakaloharibu somo zima usipolijua. Maji ya chokaa ukiyatumia makali kama yalivyo, weupe hautaondoka wote, kwa sababu kalsiamu iliyomo ni nyingi kuliko inayoweza kuyeyuka kama haidrojenikaboneti. Yazimue kwanza: kipimo kimoja cha maji ya chokaa kwa viwili vya maji ya mvua. Na usiwaambie wapulize kwa mdomo na mrija wakitumaini kuona weupe ukipotea. Pumzi ya mtu ina kaboni dioksaidi asilimia nne au tano tu. Itauleta weupe, lakini kuuondoa itawachosha bure. Isitoshe Ramadhani ikiingia wako watakaokataa kutia mrija wa maji mdomoni, na wana haki yao.

Yakishakuwa maangavu, yachemsheni. Lakini kwanza wabashiri. Weupe utarudi, na atakayesema "Kama ule utando wa kwenye birika la nyumbani" mpe alama, maana amefika mwenyewe kwenye maji magumu, yale yenye kalsiamu nyingi, bila wewe kumshika mkono.

Kutoka hapo una masomo ya muhula mzima. Walete vipande vya lipu kuukuu kutoka kwenye vifusi. Vifusi, mwanangu, nisisikie mtu amekwangua ukuta wa jirani kwa jina langu. Waviwekee siki karibu na chokaa mpya ya dukani. Kimoja kitatoa mapovu kwa fujo, kingine kitatulia. Kipi, na kwa nini? Halafu ulizia chokaa ya gunia lililokaa wazi mwaka mzima, ile ambayo fundi anaikataa. Fundi hajasoma Kemia lakini anajua imekufa. Watoto wako watakueleza imekufaje.

Unataka titresheni, ile ya kupima ukali wa asidi tone kwa tone? Usingoje bureti. Chukua sirinji za mililita 10 zisizo na sindano, kutoka duka la dawa. Kiashiria, yaani kitakachobadili rangi, ni manjano ya jikoni: koroga kijiko kidogo katika spiriti ya duka la dawa, acha itulie, tumia maji ya juu. Kila aliyefua kanzu yenye doa la mchuzi anajua kwamba ukipaka sabuni doa la njano linakuwa jekundu. Waulize kwa nini kabla hujataja neno besi. Siki nyeupe yenye asidi asilimia 5 (soma kibandiko, si zote zinalingana) izimueni mara 20, yaani mililita 5 zifike 100 kwa maji. Pima mililita 10 za maji ya chokaa, safari hii yale makali yasiyozimuliwa, tia matone matatu ya manjano, kisha ongeza siki tone kwa tone hadi wekundu urudi kuwa njano. Itawachukua karibu mililita 10 vilevile. Hesabu ya moli inatoka safi: siki ya asilimia 5 ina gramu 50 za asidi kwa lita, moli moja ni gramu 60, na wewe umeizimua mara 20. Waachie hesabu wenyewe wamalizie.

Na hapa ndipo tiba ya kunakili. Kila kundi lipe siki uliyoizimua tofauti: hili mara 15, lile mara 20, lile mara 25. Andika siri yako kwenye kijikaratasi, tia mfukoni. Kazi yao ni kukwambia siki yao ni kali kiasi gani. Kundi linalonakili la jirani litaanguka, na litaanguka hadharani. Alama zigawe hivi: chache kwa jibu, nyingi kwa namna walivyolifikia na walivyoeleza kasoro. Mtoto akiandika "sirinji yetu ya siki ilivuja, jibu letu huenda liko chini kuliko kweli", huyo amefanya sayansi kuliko mwenye desimali nzuri za kuazima.

Makundi yavunje. Wanane ni mkutano wa hadhara. Gawa watatu watatu: mmoja anatenda, mmoja anaandika, mmoja anauliza na kulinda usalama, na kila praktiko wanabadilishana kwa lazima. Andika zamu ukutani. Wasichana wako hawasimami nyuma kwa kupenda. Wamesukumwa huko na kijana aliyefika kwanza mezani, na usipoweka zamu hatabanduka hadi mwaka uishe. Utasema vifaa havitoshi kwa makundi mengi hivyo. Vinatosha ukifanya kwa matone. Pakiti tupu za vidonge, zile zenye vishimo, zioshwe. Kila kishimo ni bika. Matone matano ya hiki na matano ya kile yanatosha kuona rangi ikibadilika au mashapo yakitua. Wala usione ni umaskini wa Lamu: Profesa John Bradley wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alitengeneza vifaa vidogo vya namna hiyo, na UNESCO ikavisambaza katika nchi nyingi. Kemikali kidogo, taka kidogo, hatari kidogo.

Maji nayo usiyasahau. Waambie kila mmoja alete chupa ya maji: ya kisima cha Shela, ya jabia, lile tangi la maji ya mvua, kama yuko anayetoka visiwa vya juu, ya mfereji, ya mvua, ya bahari. Yeyusha kipande cha sabuni ya mche katika maji ya mvua, kisha hesabuni matone mangapi yanahitajika hadi povu lidumu. Wayapange kwanza kwa kubashiri. Halafu rudieni kwa sabuni ya unga, mjadili kwa nini hii haijali sana. Maji ya bahari yana magnesi zaidi ya gramu moja kwa lita, mbali na kalsiamu, na yale mabonge meupe yanayoelea ni sabuni ya kalsiamu na magnesi isiyoyeyuka.

Hapo mpeleke Kidato cha Tatu Matondoni kwa mafundi wa majahazi, au umwalike fundi mmoja shuleni, akawaeleze habari ya deheni. Chokaa na mafuta ya mnyama vikichanganywa na kupakwa chini ya chombo vinatengeneza kitu kisichoyeyuka majini. Ni sabuni ile ile ya kalsiamu inayotuudhi kwenye beseni, na pale chini ya jahazi ndiyo inayotakiwa. Sijui kama kuna pengine kwenye nchi hii ambapo mwalimu wa Kemia anaweza kufundisha jambo hili kwa kutembea na darasa lake hadi kwa wenye kazi. Mie Lamu ningeifurahia sana kwa hilo tu.

Kwa mwalimu mkuu usiende na falsafa, nenda na karatasi ya mtihani. Karatasi ya Tatu ya Kemia ni ya praktiko, ina alama 40, na muda wake ni saa mbili na robo. Muulize kwa adabu: mtoto aliyeshika bureti mara ya kwanza akiwa Kidato cha Nne ataizoea lini? Mwambie pia kwamba huombi kemikali zake. Unaomba meza, maji, na ruhusa ya kununua chokaa, siki, manjano na sirinji. Ufunguo mwachie. Akiona Kidato cha Tatu wanatumia hivyo kwa nidhamu, baadaye hataogopa kukupa kemikali za KCSE. Mkumbushe pia kwamba mafunzo ya SMASSE kwa walimu wa hisabati na sayansi, yaliyoanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, yalisisitiza jambo hili hili: wanafunzi watende, na mwalimu abuni vifaa pale vinapokosekana. CEMASTEA, kituo cha kuwanoa walimu hao pale Karen, Nairobi, inaendelea nayo hadi leo. Tatizo ni kwamba walimu wengi walirudi na vyeti, wakarudi pia kwenye chaki.

Usalama sasa, na hapa sina mzaha. Chokaa mbichi, ile ambayo haijamwagiwa maji, watoto wasiiguse. Ukitaka kuwaonyesha joto lake fanya mwenyewe, kidogo, wakiwa mbali. Hata ile ya kupaka kuta, vumbi lake likiingia jichoni linaunguza, kwa hiyo maji ya chokaa yatayarishe wewe. Asidi ya betri usiilete darasani hata ukipewa bure. Dawa ya kuondoa madoa, Jik na wenzake, isikae meza moja na siki, maana vikikutana hutoa klorini. Asidi huongezwa majini, maji hayaongezwi kwenye asidi. Hakuna kunyonya pipeti kwa mdomo, hakuna kuonja kitu chochote, hata kama ni ndimu mtoto aliyoileta kutoka kwao. Spiriti ikae mbali na moto. Mifereji yenu haitoi maji, basi kila praktiko iwe na ndoo yenye bomba iliyojaa maji safi, imewekwa wazi, na wote wajue kwamba kitu kikiingia jichoni ni kuosha kwa maji yanayotiririka dakika nyingi, kisha zahanati. Miwani ya kinga ikipatikana hata michache, avae anayetenda.

Usianze yote kwa pamoja. Wiki hii fanya maji ya chokaa na kura ya ubaoni, na Gredi ya 10 kwanza, hawa wana muda. Ujaribu nyumbani usiku wa kuamkia somo, kwa chokaa ile ile na siki ile ile, kwa sababu chokaa ya dukani nayo huwa imekufa wakati mwingine. Itie siki kidogo. Ikitoa mapovu mengi, irudishe.

Kuhusu mzazi wa shati: mtafute wewe, usingoje arudi. Mpe pole, mwambie asidi ile ilikuwa ya nini na sasa umebadilisha nini, kisha mwalike aje akae nyuma siku ya somo la chokaa, na yeye apige kura kama wengine. Shati mlipie. Shule ilipe ikikubali. Ikikataa, toa wewe.